Wilson Kipketer wawili, Robert Cheruiyot wawili: kwa nini majina ya wanariadha wa Kenya hujirudia

Jioni ya tarehe 13 Agosti 1997, katika uwanja wa Letzigrund mjini Zürich, rekodi tatu za dunia zilivunjwa. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 41.86. Wilson Kipketer alimaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.24. Katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Wilson Kipketer alitumia dakika 7 na sekunde 59.08. Msomaji wa matokeo hayo angeweza kudhani kwamba mpiga chapa amerudia mstari kwa bahati mbaya, au kwamba yupo binadamu anayeweza kuvunja rekodi mbili za aina tofauti kabisa kabla jasho la ile ya kwanza halijakauka. Hapakuwa na kosa wala muujiza. Walikuwa watu wawili, wasio ndugu, wote wazaliwa wa nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya. Wa mita 800 alikuwa akiiwakilisha Denmark, alikokwenda kusoma mwaka 1990 na kubaki, na wa viunzi alikuwa akiiwakilisha Kenya. Siku chache tu kabla ya Zürich wote wawili walikuwa wametwaa ubingwa wa dunia mjini Athens, kila mmoja katika mbio zake. Waandishi wa michezo walimaliza tatizo kwa kumwita huyu wa pili kwa majina yake matatu, Wilson Boit Kipketer, na tangu hapo jina hilo la katikati ndilo limekuwa ukuta kati ya watu hao wawili.

Mkanganyiko huo hauishii kwa akina Kipketer. Anayefuatilia mbio ndefu hukutana kila msimu na Koech, Rono, Mutai, Kosgei, Chebet na Kiplagat, na mara nyingi hudhani, kama mimi nilivyodhani kwa miaka mingi, kwamba zipo familia chache zilizobarikiwa miguu ambazo kila kizazi hutoa bingwa. Dhana hiyo hutokana na kuyachukulia majina hayo kuwa ni ya ukoo. Kwa asili yake jina la Kikalenjin la aina hii halitaji ukoo. Hutaja saa, mahali au hali aliyozaliwa mtu.

Wakalenjin ni jumla ya jamii kadhaa zenye lugha za karibu, wakiwamo Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Wamarakwet, Watugen na Wasabaot, na desturi zao za kupeana majina hutofautiana kidogo kutoka kilima kimoja hadi kingine. Kwa ujumla, mtoto hupata majina kwa awamu. Lipo kwanza jina la mhenga, ambalo kwa desturi ya zamani lilitafutwa kwa kutaja majina ya marehemu wa familia mmoja baada ya mwingine hadi mtoto apige chafya. Chafya ilikuwa ishara kwamba mhenga huyo amekubali kurudi, na ikichelewa, chembe ya ugoro ilisaidia. Jina hilo kwa kawaida halitoki nje ya nyumba. Linalotoka nje, na kufika hadi kwenye ubao wa matokeo wa Boston au Berlin, ni jina la kuzaliwa, ambalo hujengwa kwa kiambishi na tukio. Mvulana hupewa Kip- au Ki-, na msichana hupewa Chep-, Che-, Jep- au Je-, kutegemea eneo. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop ama Jerop. Wa alfajiri ni Kipkoech ama Chepkoech, na wa mchana ni Kibet ama Chebet. Wa jioni mbuzi na kondoo wanaporejea zizini ni Kiprono ama Cherono. Giza likishaingia tunapata Kiplagat na Jelagat. Aliyezaliwa mama akiwa safarini ni Kipruto, aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka ni Kipchoge, na aliyezaliwa barazani ni Kipketer. Kipchumba, ambaye Mswahili anaweza kumdhania kuwa alizaliwa chumbani, kwa kweli jina lake linawahusu Wazungu, na mara nyingi maana yake ni kwamba alizaliwa hospitalini, mahali palipoletwa na watu hao.

Msomaji wa pwani ana mfano wake nyumbani. Anayesikia kwamba mtaani kuna Juma watano na Mwanajuma wawili haulizi kama wamezaliwa na baba mmoja, kwa sababu anajua kwamba kilichowaunganisha ni siku ya Ijumaa. Ramadhani, Shaabani na Rajabu ni miezi, na Masika ni majira. Tofauti ni kwamba mtu wa pwani huunganisha jina lake na la baba na la babu, na mlolongo huo humtambulisha vya kutosha, ilhali jina la Kikalenjin lilipoingia katika daftari za dunia lilipokelewa kwa mazoea ya watu wengine, ambao kwao jina la mwisho ni lazima liwe la ukoo.

Ukihesabu matukio ambayo mfumo huu huyataja, hayawi mengi. Siku ya wafugaji ina vipindi vyake maalumu, mwaka una mvua na kiangazi, na boma lina baraza, ghala na ua, kwa hiyo maelfu ya watu lazima wagawane majina machache. Juu ya hayo yakaja majina ya ubatizo, nayo yalitoka katika kapu dogo ambalo wamisionari na walimu walilipenda: Wilson, Paul, Moses, Daniel, Robert, Evans. Ukizidisha uchache kwa uchache, kisha ukakumbuka kwamba eneo hilo moja limetoa mamia ya wanariadha wa kimataifa, huwezi kushangaa tena kuona watu wawili wenye majina mawili yaleyale wakiwa katika kambi moja ya mazoezi.

Kuna ngazi nyingine inayozidisha ugumu. Kijana wa kiume akishatahiriwa huchukua jina la baba yake akitanguliza neno arap, yaani mwana wa, na jina la baba huweza kupoteza kiambishi chake cha utotoni. Rais wa pili wa Kenya ni mfano ulio wazi kuliko yote. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii, na yeye, aliyezaliwa Toroitich, akawa Toroitich arap Moi, kisha akabatizwa Daniel. Ki- ya Kimoi ilidondoka njiani. Kwa njia hiyohiyo Kipkoech huzaa Koech, Kiprono huzaa Rono, Kimutai huzaa Mutai na Kiptanui huzaa Tanui, hadi inakuwa vigumu kwa mgeni kujua kama anaangalia majina mawili au jina moja lililovaa na kuvua kofia.

Uthibitisho wa hilo ulionekana Tokyo mwaka 1991. Katika mashindano ya dunia ya mwaka huo Kenya ilipata bingwa wa mita 10,000, Moses Tanui, na bingwa wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Moses Kiptanui. Kiptanui aliutetea ubingwa wake mwaka 1993 na tena 1995, na ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia mbio za viunzi chini ya dakika 8. Tanui alikwenda njia nyingine. Mjini Stuttgart mwaka 1993, kengele ya mzunguko wa mwisho wa mita 10,000 ikiwa karibu kulia, Gebrselassie aliyekuwa akimfuata nyuma alimkanyaga kisigino. Tanui akakipiga teke kiatu kilicholegea, akaondoka kwa kasi akiwa na kiatu kimoja, lakini alipitwa katika mita za mwisho na kuambulia medali ya fedha. Mwaka huohuo alikuwa wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, mjini Milano, na mwaka 1996 alishinda toleo la mia moja la Boston Marathon. Maisha mawili yaliyo mbali namna hiyo yanatenganishwa na silabi moja tu, na silabi yenyewe ni kiambishi.

Boston ndiko penye kisa ninachokiona kuwa kigumu kuliko vyote. Robert Cheruiyot alishinda mbio hizo mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008. Huyu ndiye ambaye katika Chicago Marathon ya Oktoba 2006 alifika kwenye mstari wa kumalizia akiwa mbele, akainua mikono kushangilia, akateleza juu ya alama iliyokuwa imebandikwa chini, akaanguka chali na kujigonga kichwa. Alihesabiwa mshindi, lakini alipelekwa hospitali. Katika Boston ya 2006 alikuwa ameweka rekodi ya njia hiyo, saa 2:07:14. Miaka minne baadaye, Aprili 2010, rekodi hiyo ilivunjwa na Robert Cheruiyot, kwa saa 2:05:52.

Mtu anayesoma orodha ya washindi wa Boston bila kuwa makini atasema kwamba Cheruiyot ameshinda mara tano na amejivunjia rekodi mwenyewe. Kumbe wa kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyezaliwa 1978, na wa pili ni Robert Kiprono Cheruiyot, aliyezaliwa 1988, kijana ambaye alikuwa bado mtoto wa shule wajina wake alipoanza kutawala mbio hizo. Hawana udugu. Njia ya kawaida ya magazeti ya kutofautisha watu, yaani kuandika herufi ya kwanza ya jina la katikati, hapa haisaidii chochote, kwa sababu wote wawili wanakuwa Robert K. Cheruiyot. Hata mtu akisema huyu ni wa alfajiri na yule ni wa jioni mifugo inaporudi, atakuwa ameeleza majina kwa usahihi, lakini msomaji wa Boston atabaki palepale. Cheruiyot lenyewe, ambalo ni jina la wanaume ingawa linaanza kwa Che-, linahusu usingizi: aliyezaliwa wengine wamelala. Analo pia Vivian Cheruiyot, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 2016, na Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2019, na Evans Cheruiyot, mshindi wa Chicago 2008.

Akina Mutai walileta kizungumkuti cha namna yake mwaka 2011. Jumapili tarehe 17 Aprili Emmanuel Mutai alishinda London kwa saa 2:04:40. Kesho yake, Jumatatu, Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia katika marathoni yoyote hadi siku hiyo, ingawa haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa kuwa njia ya Boston huteremka na haimrudishi mkimbiaji karibu na alikoanzia. Mtu aliyesikia habari zote mbili nusunusu angeapa kwamba Mutai mmoja amekimbia marathoni mbili ndani ya saa ishirini na nne, na kuvuka bahari ya Atlantiki katikati yake. Mwezi Novemba walikutana New York, Geoffrey akawa wa kwanza na Emmanuel wa pili, na vichwa vya habari vikalazimika kuandika majina kamili.

Upande wa wanawake, jina la Kiplagat limebebwa na mabingwa watatu wasio ndugu. Lornah Kiplagat, aliyechukua uraia wa Uholanzi mwaka 2003, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani na nusu marathoni mara tatu mfululizo, na ndiye mwanzilishi wa kituo cha mazoezi ya nyanda za juu mjini Iten. Edna Kiplagat alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Florence Kiplagat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2009 na wa nusu marathoni mwaka 2010, kisha akaivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mara mbili, zote katika barabara za Barcelona. Jina lenyewe lina kiambishi cha kiume, kwa hiyo hakuna kati yao aliyezaliwa akiwa Kiplagat kwa maana ya desturi, bali ni jina la mwanamume wa familia lililokuja kukaa mwishoni. Jina kamili la Florence linaonyesha hilo vizuri: Florence Jebet Kiplagat. Jebet ni lake, na linasema alizaliwa mchana. Kiplagat, la giza, lilimhusu mtu mwingine.

London ya mwaka 2014 Edna alimshinda Florence kwa sekunde tatu. Chicago ya 2016 Florence akawa wa kwanza na Edna wa pili, na nawahurumia watangazaji wa siku ile, maana wa tatu alikuwa Valentine Kipketer.

Kama majina yanayofanana hayathibitishi undugu, majina yasiyofanana nayo hayaukanushi. Christopher Koskei alikuwa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Sevilla mwaka 1999, akiwa amemtangulia Wilson Boit Kipketer tuliyekutana naye Zürich. Mdogo wake wa damu alisajiliwa kama Stephen Cherono. Kaka kwa jina moja na mdogo kwa jina jingine si jambo la ajabu katika mfumo ambao mmoja anaweza kubaki na jina lake la kuzaliwa na mwingine akaandikishwa kwa la baba. Kisha mwaka 2003 Stephen alichukua uraia wa Qatar na kuitwa Saif Saaeed Shaheen. Mwezi Agosti mwaka huohuo alishinda ubingwa wa dunia mjini Paris kwa jina hilo jipya, katika mbio zilezile alizowahi kuzishinda kaka yake, na mwaka uliofuata aliweka mjini Brussels rekodi ya dakika 7 na sekunde 53.63 iliyodumu hadi 2023. Saif ni upanga na Shaheen ni kipanga, majina mazuri, lakini hayasimulii saa wala mahali. Mtafiti wa kesho atakayepitia orodha ya mabingwa wa mbio hizo ataona Koskei wa Kenya na Shaheen wa Qatar, na hakuna herufi hata moja itakayomdokeza kwamba walinyonya ziwa moja.

Kuna pia mtu mmoja aliyekuwa na majina mawili. Mwezi Mei 2012, mjini Berlin, mkimbiaji aliyeandikwa Dennis Koech alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 25. Septemba mwaka huohuo, katika Berlin Marathon, Dennis Kimetto alimaliza wa pili, sekunde moja tu nyuma ya Geoffrey Mutai. Koech na Kimetto ni mtu huyohuyo. Miaka miwili baadaye, katika barabara zilezile, Kimetto aliweka rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:02:57, na aliyemfuata alikuwa Emmanuel Mutai, ambaye naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Ili kuielewa historia ya mbio hizo za Berlin, basi, ni lazima msomaji awaunganishe watu wawili wanaoonekana kuwa tofauti na awatenganishe wawili wanaoonekana kuwa mmoja.

Watunza takwimu wa riadha wana silaha tatu dhidi ya haya yote: majina matatu kamili, tarehe ya kuzaliwa, na aina ya mbio. Silaha ya nne, yaani nchi, wakati mwingine husaidia, kama ilivyosaidia kwa akina Kipketer, lakini si ya kutegemewa, kwa sababu majina haya hayasimami mpakani. Ng'ambo ya Mlima Elgon, katika eneo la Sebei nchini Uganda, wapo ndugu wa lugha wa Wakalenjin wa Kenya, na huko ndiko walikotoka Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2012 mbele ya Wakenya wawili, na Jacob Kiplimo na Joshua Cheptegei. Aina ya mbio nayo huhitaji tahadhari, maana wakimbiaji huhama. Daniel Komen aliyeweka rekodi ya mita 3,000 mwaka 1996, rekodi iliyodumu karibu miaka 28, si Daniel Kipchirchir Komen aliyepata fedha ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia ya ndani mwaka 2006 na 2008, na tofauti ya mita 1,500 kati ya mbio zao ni ndogo mno kumwonya mtu asiyejua.

Pia, Paul Kipkoech alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Roma mwaka 1987. Paul Koech alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1998. Paul Kipsiele Koech alipata shaba ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mjini Athens mwaka 2004. Hao ni akina Paul watatu wa alfajiri, na orodha haijaisha: mwaka 2002 nusu marathoni ya dunia ilichukuliwa na Paul Kosgei.